Mita kwanza, nyundo baadaye: maji yanayovuja kwa siri huku kwetu Mwanza

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa mtaa wetu huku upande wa Nyakato, Jumamosi asubuhi. Waliochelewa wakaomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu vicheko na yale mabishano ya mwanzo kuhusu hela ya taka ambayo hayanihusu.)

Mwangaluka! Aah, hiyo sauti ya watu ambao hawajanywa chai, tena: mwangaluka! Haya angalau. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, vijana mambo vipi. Mwenyekiti nashukuru kwa nafasi, umenipa nusu saa, mi ni fundi bomba sio mwanasiasa kwahiyo nusu saa inanitosha na chenji inabaki.

Nimeitwa niongelee maji yanayovuja bila kuonekana. Sio yale ya koki inayodondosha tone tone pale nje, yale kila mtu anayaona, ugonjwa wake ni uvivu wa kwenda dukani kununua washa, kile kirabha cha ndani ya koki. Naongelea yale ambayo nyumba ni kavu, koki zote zimefungwa, watoto wako shule, afu mwisho wa mwezi inaingia meseji ya bili unaisoma mara mbili ukidhani wamekosea namba.

Na jambo nililokuja nalo ni moja tu, mengine yote ni kulielezea hilo. Usikubali mtu yeyote ashike nyundo nyumbani kwako kabla mita haijaulizwa. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za mji huu nikakuta bafu limebomolewa marumaru upande mmoja, jikoni limebomolewa, koridoni kuna mtaro, na maji bado yanavuja, mwenye nyumba amekaa kwenye kochi kashika kichwa. Ukimuuliza nani alisema pabomolewe hapa, anasema fundi aliona ukuta una unyevu. Sasa ukuta kua na unyevu sio ushahidi kwamba bomba limetoboka hapo, maji hayatoki yalipovujia, maji yanatoka yalipopata njia!

Huku Mwanza hiyo ndo shida kuliko miji mingi. Sisi tumejenga juu ya mawe. Ukichimba Igogo, Mabatini, Bugando, Isamilo, futi moja mbili umegonga mwamba. Udongo wa juu ni mwembamba na chini ni granaiti, maji yakivuja hayazami, yanateleza juu ya jiwe kufuata mteremko mpaka yakutane na kitu cha kuyazuia, na hicho kitu mara nyingi ni msingi wa nyumba ya jirani wa chini. Kwahiyo bomba limetoboka kwa baba fulani juu, anayeona ukuta unalia ni mama fulani chini.

Nitawapa mfano mmoja, sitaji mtu. Nyumba mbili ziko mlimani, moja juu moja chini, katikati kuna ngazi za mawe. Mama wa nyumba ya chini ukuta wake wa jikoni, ule unaotazama mlima, ulikua unatoka jasho mwezi wa nane, kiangazi kikavu kabisa hamna mvua ya kusingizia. Rangi ikavimba, ikaanza kutoka chumvi nyeupe kama unga. Fundi wa kwanza akabomoa chini ya sinki, hakuna kitu. Akataka ahamie upande wa stoo, mama akamzuia, hapo ndo nikaitwa. Sikubeba nyundo. Nikafunga valvu yake ya baada ya mita, nikamwambia tumia maji ya ndoo mpaka kesho kutwa. Kesho kutwa ukuta ule ule, jasho lile lile. Maana yake ni nini? Maji sio ya bomba zake. Tukapanda juu kwa jirani, naye akaja juu kwa maneno, mimi bili yangu ya kawaida, msinitafutie kesi. Nikamwomba kwa adabu tufunge na ya kwake usiku mmoja. Tukafunga. Usiku nikaenda na kipande cha nondo, ncha moja nikaiweka kwenye bomba kabla ya mita yake, ncha nyingine kwenye mfupa wa sikio. Valvu ya juu imefungwa, ya chini imefungwa, hapo bomba lilitakiwa liwe kimya. Nikasikia shiiiii, nyembamba, haikatiki. Bomba lilikua limepita chini ya bapa la jiwe na limebonyea, limetoboka kabla ya mita, ndo maana bili zote mbili zilikua safi! Tukatoa taarifa mamlaka ya maji maana kabla ya mita ni kwao, wakaja wakalitengeneza, na ukuta ukakauka taratibu. Hakuna marumaru hata moja iliyotakiwa kubomolewa pale.

Sasa tuje kwenye mita yenyewe, na naomba leo mkitoka hapa muende mkaifunue, maana wengine naona mita imefukiwa na mchanga mpaka panya kazaa juu yake.

Mita zetu nyingi zina namba nyeusi na namba nyekundu au vimshale vyekundu. Nyeusi ni yuniti kamili, yuniti moja ni lita 1000. Nyekundu ni vipande vya yuniti, yaani malita. Afu kuna kadude kadogo kama nyota au kigurudumu chenye meno, hako ndo shahidi wako. Maji yakipita hata kidogo sana kanazunguka. Funga koki zote, hakikisha hamna anayeflashi choo, mashine ya kufulia kama unayo izime, afu katazame. Kakizunguka polepole bila kusimama kuna mahali panavuja. Kakizunguka kidogo kakasimama, baadae tena kidogo kakasimama, hiyo mara nyingi ni choo au tangi linajijazia. Kakitulia tuli, usishangilie haraka, piga picha ya namba kwa simu, kaa saa moja au mbili bila kutumia maji, piga tena ulinganishe, maana uvujaji mdogo kabisa kanyota kanaweza kasiuone vizuri.

Ila hapa kuna mitego mitatu ambayo watu wengi wananasa, na mafundi pia.

Wa kwanza ni mgao. Kama maji hayapo bombani hicho kipimo hakina maana, mita haiwezi kuzunguka kama hamna kinachopita. Na yale maji yanaporudi baada ya kukatika siku nzima, yanasukuma upepo mbele yake, unasikia koki inakohoa, mita inazunguka kwa fujo kwasababu ya hewa. Usipime saa hiyo ukaja kunipigia simu unalia. Acha yarudi, hewa itoke, yatulie, ndo upime. Muda mzuri kabisa ni usiku wa manane kama kwenu maji yanakuwepo usiku, kwanza watu hawatumii, pili presha inapanda.

Hiyo presha niielezee kidogo. Maji yetu yanatoka ziwani, yanasafishwa Capri Point na sasa hivi Butimba pia, yanapandishwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya vilimani, afu yanashuka kwetu yenyewe. Presha tunaipima kwa bar, kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1. Kama tangi liko mita 50 juu ya nyumba yako basi maji yakitulia bomba lako limebeba karibu bar 5. Mchana watu wakitumia inapungua, usiku inarudi yote. Ndo maana bomba linapasuka saa nane usiku, na ndo maana wanaokaa bondeni uvujaji wao ni mkali kuliko wa mlimani hata kama tundu ni lile lile. Tundu la milimita 1, ncha ya kalamu ya biki hiyo, kwenye presha ya bar 3 linatoa kama lita 1000 kwa siku. Yuniti nzima kila siku, 30 kwa mwezi. Familia ya watu watano kila mtu akitumia ndoo mbili na nusu za lita 20 kwa siku ni lita 250, yaani yuniti saba na nusu kwa mwezi. Kwahiyo lile tundu linatumia maji ya familia nne, na halifui hata soksi.

Mtego wa pili ni simtanki, na huu ndo mkubwa. Nyumba nyingi hapa maji yanatoka kwenye mita yanapanda kwenye tangi, afu tangi ndo linagawa ndani. Hizo ni laini mbili tofauti. Mita inaona ya kwanza moja kwa moja, ya pili inaiona kupitia tangi likijijaza. Ukifunga koki zote ukaona mita inaenda, inawezekana hakuna uvujaji wowote, ni tangi tu lilikua nusu linajaa. Na ukikuta mita imetulia inawezekana bomba la ndani linavuja lakini tangi halijashuka vya kutosha floti, lile boya la kufunga na kufungua maji, ifungue. Mnaona ujanja wake?

Kwahiyo unazitenganisha. Funga valvu ya kuingia kwenye tangi. Mita ikiendelea kuzunguka na koki zote zimefungwa, ubovu uko kati ya mita na tangi, au kwenye zile koki za nje zinazokula maji moja kwa moja. Ikisimama, hiyo laini haina ubovu, geukia tangi. Acha valvu ya kuingia imefungwa, jioni kabla ya kulala ingiza fimbo kavu mpaka chini, weka alama pale unyevu ulipoishia. Asubuhi kabla mtu hajanawa uso ingiza tena fimbo ile ile. Tangi lenye kipenyo cha mita moja na ushee, kila sentimita ni lita 8 mpaka 9. Zikishuka sentimita tano usiku mmoja, lita arobaini na kitu zimeenda mahali na wewe ulikua umelala. Afu usiku unaofuata funga ile valvu ya kutoka kwenye tangi kwenda ndani, urudie. Likishuka tena ni tangi lenyewe limepasuka au linavuja pale kwenye nipo, ile ya kuungia bomba na tangi, lisiposhuka ni bomba za ndani au choo. Siku mbili, fimbo moja, hujalipa mtu hata mia.

Wale wenye matangi ya chini ya ardhi, yale ya zege, ni kipimo kile kile, ila funikeni vizuri kwanza.

Mtego wa tatu ni choo, na hapa ntasema ukweli, nikiitwa kwa bili kubwa naanzia chooni kabla sijauliza lolote. Kile choo cha kuflashi kikichoka rabha ya chini maji yanateremka ukutani mwa bakuli taratibu mno, hayana sauti, huyaoni. Yanaweza kwenda mamia ya lita kwa siku. Chukua bluu ya kufulia, ile ile ya mashati meupe, weka kidogo kwenye tanki la kuflashi, usiflashi, kaa nusu saa. Ukikuta bakuli limepata rangi, rabha imekwisha. Huna bluu? Kausha ukuta wa nyuma wa bakuli kwa kitambaa, bandika kipande cha tishu kavu, rudi baadae, kikilowa na hamna aliyeingia ndo hicho. Kuna nyingine tena, unafunua tanki unakuta floti imepandishwa sana, maji yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati la kupunguzia. Uso wa maji unatakiwa uishie kama sentimita mbili chini ya mdomo wa lile bomba. Ishushe kwa bisibisi, kazi ya dakika tano, usimlipe mtu kwa hilo, hata mimi.

Sasa kuna kitu nataka wamama na wazee wanisikilize vizuri zaidi hapa, maana tunaongea bili bili kana kwamba hasara ni hela peke yake. Tundu linalotoa maji nje presha ikiwepo, ndo hilo hilo linaloingiza kitu ndani presha ikiondoka. Maji yakikatika mlimani na watu wa bondeni wakafungua koki, bomba linavuta. Kama pale lilipotoboka pamelowa maji machafu, au lipo karibu na shimo la choo, au limepita ndani ya mtaro (na huku kwetu bomba ngapi zimelala ndani ya mitaro, semeni wenyewe), yale ya mtaroni yanavutwa ndani. Yakirudi unafungua koki unakinga ya kunywa. Kipindupindu na taifodi vinapita njia hiyo. Kwahiyo mtu akisema acha livuje, mi nalipa bili yangu, mwambie sio bili yako tu, jirani yako anakunywa kwenye bomba hilo hilo. Na maji yakirudi baada ya mgao yale ya mwanzo yenye rangi kinga ya kumwagilia maua au kudekia, ya kunywa chemsha.

Kuna mzee ananiambiaga kila siku, we kijana ziwa lote hili hapa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, maji yataisha lini? Mzee wangu nakuheshimu, lakini hulipii ziwa. Ziwa bure, nenda Kirumba kachote. Unalipia dawa, umeme wa kuyapandisha mlimani na bomba la kuyaleta. Yakivuja kwako yameshagharamiwa yote hayo.

Kuhusu kusikiliza na nondo. Inafanya kazi vizuri kwenye bomba za chuma, sauti inasafiri mbali. Kwenye plastiki, hizi PPR na zile roli nyeusi, plastiki inameza sauti, inabidi uwe karibu sana, usikilizie kwenye valvu na kwenye koki. Na laini ya kutoka kwenye simtanki usihangaike nayo kwa masikio, tangi liko juu ya stendi ya mita 3, hiyo ni bar 0.3, maji yanadondoka tu hayapigi kelele. Huko ndo unatumia macho: rangi inayovimba, chumvi nyeupe, marumaru ukiigonga inalia kama debe, majani ya kijani kiangazi sehemu moja tu ya uwanja, sisimizi wanahamia ukutani. Na wale wenye pampu ya kujiwasha yenyewe, ukisikia usiku inawaka sekunde chache inazima, baada ya muda tena, na hamna mtu kafungua koki, ile pampu inakuambia kuna mahali presha inatoroka. Hiyo utaiona kwenye LUKU ya umeme kabla hujaiona kwenye bili ya maji.

Tofautisha pia uvujaji na unyevu wa ardhini. Nyumba ambayo msingi haukuwekewa nailoni, unyevu unapanda wenyewe kutoka chini, unaenda usawa ule ule ukuta mzima, kwa kawaida hauvuki kama mita moja, na hauna habari kama umefunga valvu au umefungua. Wa bomba unakaa sehemu moja, au unafuata mstari bomba lilipopita, na unaweza kua juu kabisa ya ukuta. Na tafadhali, ukuta uliolowa ukiwa na soketi au swichi usiuguse uguse kupima unyevu, zima meni swichi kwanza uite fundi umeme.

Nisiwasahau wapangaji. Nyumba ya vyumba sita mita moja, bili ikipanda kesi inaanza uani. Anayesingiziwa kwanza ni mama mwenye mtoto mchanga kwasababu anafua nepi kila siku, wa pili ni kijana anayeosha bodaboda. Watu wananuniana, wanawekeana zamu za koki, kuna mahali walifikia kufunga koki kwa kufuli! Na kumbe choo cha uani kinavuja kimya. Kabla hamjaanza kuhesabiana ndoo, usiku mmoja kubalianeni saa tano wote hamna maji, mtu mmoja anayeaminika na mmoja asiyeaminika waende pamoja na tochi kwenye mita. Ikizunguka, hamna mwizi, kuna bomba.

Wanaojenga sasa hivi nawaomba vitu viwili. Bomba zisifunikwe plasta kabla hazijajazwa maji kwa pampu ya presha yenye geji na kuachwa usiku, asubuhi mshale uwe pale pale. PPR ikiunganishwa na mashine isiyopata moto vizuri inashika kwa juu tu, inakuja kuachia miaka miwili baadae ukiwa umeshahamia. Na kabla plasta haijapigwa piga picha kila ukuta, weka na tepu ya kupimia ionekane kwenye picha. Afu weka valvu kila sehemu, jikoni yake, choo chake, nje yake. Nyumba yenye valvu moja tu ikivuja unaitafuta nyumba nzima, yenye valvu nne unafunga moja moja unaangalia mita inasimama kwa ipi.

Maswali niliyoulizwa, kwa ufupi.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu mafundi wenye kamera za kuona joto. Vifaa vipo, na vingine vizuri, kuna za kusikiliza kwa umeme, kuna hata gesi wanaingiza kwenye bomba wanaifuatilia inapotokea. Kamera ya joto inasaidia sana kwenye maji ya moto, kwenye maji ya baridi inahitaji mtu anayejua anachotazama. Anayekuja na simu ya kawaida anasema ina programu ya kuona ndani ya ukuta, mpe maji ya kunywa aende zake. Na hata mwenye kifaa kizuri, mpeleke kwanza kwenye mita, akiikwepa ujue.

Mama mmoja kauliza gharama ni ya nani. Kabla ya mita ni mamlaka, wapigie, na ni bure kutoa taarifa. Baada ya mita ni wewe mwenye nyumba. Ila usifungue mita yenyewe wala kukata ile sili, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inalihesabu hilo ni kosa, unakua umetoka kutafuta uvujaji umeingia kwenye kesi.

Mwingine akauliza kuhusu kufunga mpira wa tairi na waya. Kwa usiku mmoja sawa, nimeshafunga nyingi. Lakini ule mpira ukifukiwa na udongo unasahaulika, na chini yake linaendelea kuvuja. Kama umefunga mpira usifukie mpaka fundi aje na soketi ya kuungia bomba.

Wa mwisho alikua dada anayetaka kuhamia nyumba ya kupanga Buhongwa, akauliza yeye akague nini maana hawezi kwenda na fimbo kwenye tangi la mtu. Nikamwambia siku unaenda kuona nyumba mwombe mwenye nyumba afunge koki zote, simameni wote kwenye mita robo saa mkipiga stori, nyota ikizunguka mjue na mpatane kabla hujatoa kodi. Funua tanki la choo. Na siku unapokea funguo piga picha ya namba za mita, umtumie hapo hapo kwa WhatsApp ili tarehe ibaki, yuniti za aliyekutangulia zisije zikaandikwa kwako.